T430, T440p, T450 au T480: ThinkPad ya mtumba ipi imfae aliyezoea kinundu chekundu?

Aliyetumia ThinkPad, mpakato wa IBM na baadaye Lenovo, miaka mingi hatazami chini anapobofya. Kidole cha shahada kiko kwenye kinundu chekundu, kile cha kusogezea kishale, pale katikati ya G, H na B. Dole gumba likishuka kidogo tu chini ya kitufe cha nafasi linakuta vitufe vitatu: cha kushoto, cha kulia, na cha kati cha kusogezea ukurasa. Mikono haihami mahali pa kuandikia. Kinundu hicho kilikuja na ThinkPad 700C ya IBM mwaka 1992, na Lenovo ilipoinunua biashara ya kompyuta ya IBM mwaka 2005 ilikirithi pamoja na rangi nyeusi na umbo la kisanduku lililobuniwa na Richard Sapper.

Mwaka 2013 vitufe vitatu vikaondolewa. Kizazi cha T440, X240 na W540 kilitoka na padi moja kubwa ya kugusa, inayozama nzima unapoibonyeza, na ukingo wake wa juu ndio uliopewa kazi ya vitufe. Wateja wa zamani walilalamika sana, na walikuwa na sababu. Jaribu kuburuta faili kwa kinundu kwenye T440: unaizamisha padi kwa dole gumba, unaishikilia hapo, huku kidole kingine kinasukuma kinundu. Padi inatikisika, kishale kinaruka, faili linaangukia folda isiyo yake. Tena hakuna ukingo wa kupapasa unaokuonyesha kitufe cha kati kinaanzia wapi, kwa hiyo inabidi utazame. Ukishaanza kutazama, kinundu kimepoteza faida yake yote.

Lenovo ilirudi nyuma. W541 iliyotoka mwishoni mwa 2014 ilikuwa na vitufe tena, na mwaka 2015 T450 na X250 zikafuata. X1 Carbon ya kizazi cha pili, ya mwaka 2014, nayo ilikuwa imebadilisha safu ya F1 hadi F12 kuwa utepe wa kugusa, na mahali pa Caps Lock pakawekwa Home na End. Kizazi cha tatu kilivirudisha vyote. Sasa mjadala umefufuka: mwaka 2024 Ctrl na Fn zilibadilishana nafasi kwenye ThinkPad mpya, na mwaka 2025 ikaja X9, ThinkPad isiyo na kinundu kabisa.

Wengi wasioutaka mwelekeo huo wanarudi kwenye soko la mitumba. Kariakoo, Luthuli Avenue na kwingineko mashine hizi zimejaa, nyingi zikiwa zimestaafishwa na ofisi za Ulaya, Marekani na Ghuba. Nne ndizo zinazomchanganya mnunuzi zaidi: T430 ya 2012, T440p ya 2013, T450 ya 2015 na T480 ya 2018. Zote ni za inchi 14. Zote zina kinundu. Tofauti zake zimejificha ndani, na muuzaji hatakutajia.

Tunazipima kwa nini

Kwanza mikono: kibodi, kinundu, na vitufe vya kubofya. Hiki ndicho kigezo kikuu, kwa kuwa RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) na diski utaongeza baadaye lakini mkono utaishi nao kila siku. Pili kufunguka, yaani fundi, au wewe mwenyewe mwenye bisibisi, anaweza kubadilisha nini bila kuchomelea. Tatu umeme: betri ya aina gani, chaja ya aina gani, na vinapatikana vipi. Nne kioo. Tano programu, na hapa kuna tarehe moja ya kukumbuka: Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane. Sita, kinachoharibika.

Kasi hatukuipa kigezo chake. Katika mashine za umri huu, SSD (diski ya chipu, isiyozunguka) na RAM ya GB 8 au zaidi huleta nafuu kubwa kuliko mwaka ulioandikwa kwenye stika.

T430 (2012)

*Mikono.* Vitufe vitatu vipo, vya kweli, vyenye kina. Juu ya kibodi kuna vitufe vya sauti vinavyojitegemea, na kwenye fremu ya kioo kuna taa ndogo ya kumulika kibodi. Lakini T430 nayo ilizaliwa katika ugomvi. Ndiyo iliyoachana na kibodi ya safu saba ya T420 na kuleta ya safu sita, yenye vitufe vilivyotengana kama visiwa. Page Up na Page Down ziliwekwa ubavuni mwa mshale wa juu, na mpaka mkono uzoee utaziparamia bila kukusudia. Ukiziacha hesabu hizo za zamani kando, ni kibodi nzuri: inazama vizuri na haichoshi.

Wapo wanaopachika kibodi ya T420 ndani ya T430. Inawezekana, ila si kazi ya kuambatanisha tu. Unakwangua vijino vya plastiki vinavyozuia, unaziba kwa utepe baadhi ya pini za kiunganishi ili umeme wa taa usiende pasipotakiwa, kisha unabadilisha programu dhibiti ya mashine ili vitufe vilivyohama vitambulike. Hatua hiyo ya mwisho ikikatikia njiani, bodi inaweza isiwake tena. Asiyewahi kuandika upya chipu ya BIOS, yaani hiyo programu dhibiti inayowasha mashine, asianzie hapa.

*Kufunguka.* Kibodi yenyewe inatoka kwa skrubu mbili za chini. Ni kazi ya dakika kumi. RAM ni DDR3, nafasi mbili, mpaka GB 16. Diski ya inchi 2.5 iko ubavuni, na prosesa iko kwenye soketi. Kikwazo ni BIOS: kadi ya Wi-Fi isiyo kwenye orodha ya Lenovo inakataliwa na mashine haiendelei kuwaka. Kabla ya kununua kadi yenye kasi zaidi, hakikisha ina namba ya kipuri ya Lenovo ya mashine hiyo.

*Umeme.* Betri moja ya nyuma inayochomoka, chaja ya pini ya duara ya volti 20. Chaja ni rahisi kupata, betri ndiyo mtihani. Kizazi hiki hukagua kama betri ni halali, na nyingi za kuiga hukutana na onyo kwamba haitambuliwi na haitachajiwa. Betri halisi nazo zimezeeka hata kama hazijawahi kutumika, kwa sababu lithiamu huchakaa ghalani pia. Muuzaji aiweke kwenye mashine, uione ikipanda asilimia kadhaa mbele yako, ndipo ulipe.

*Kioo.* Pikseli 1366 kwa 768 au 1600 kwa 900, na rangi zilizofifia ukitazama kwa pembeni. Kupandisha hadi Full HD kunahitaji kibao cha kugeuza mawimbi, kwa sababu waya wake ni wa mfumo wa zamani wa LVDS. Ukitaka kioo kizuri, anza na mashine nyingine.

*Programu.* Windows 11 haiikubali rasmi. Linux, mfumo endeshi wa bure, inakaa vizuri. Matoleo yake kama Mint au Debian huitambua karibu kila kitu tangu siku ya kwanza.

*Kinachoharibika.* Feni yenye vumbi na pesti ya joto iliyokauka. Dalili ni mashine kupiga kelele ukiwa umefungua ukurasa mmoja tu wa intaneti.

Inamfaa anayeandika sana, anayekaa karibu na umeme, na asiyejali uzito wala kioo.

T440p (2013)

Hii ndiyo iliyolaumiwa kuliko zote nne, na ndiyo inayofunguka kwa urahisi kuliko zote nne. Tutakaa hapa kidogo.

*Mikono.* Kibodi ni nzuri. Padi ndiyo tatizo, na limekwisha elezwa. Kuna na jambo la pili: vitufe vya sauti vilivyojitegemea vimehamia F1 hadi F3, na taa ya kuonyesha diski inafanya kazi imeondoka. Ukitaka safu ya F ifanye kazi yake ya kawaida, bonyeza Fn na Esc pamoja.

Dawa ya padi ipo. Padi ya T450, ile yenye vitufe vitatu, inaingia kwenye T440p na kiunganishi ni kilekile. Kazi inakwenda hivi:

1. Zima mashine, chomoa chaja, toa betri. Bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi kumaliza umeme uliobaki.
2. Fungua mlango mkubwa wa chini, skrubu mbili. Toa diski na kisanduku cha CD.
3. Toa kibodi, kisha skrubu zinazoshikilia fremu ya juu, ile unayolaza viganja. Zipange mezani kwa mpangilio uleule wa chini ya mashine: urefu wake hautofautiani kwa macho, lakini ndefu ikiingia pa fupi itatoboa plastiki ya juu.
4. Inua fremu taratibu. Usivute. Utepe wa padi bado umeshikamana na bodi; nyanyua kwanza kilimi cha kiunganishi kwa kucha, utepe utatoka wenyewe.
5. Geuza fremu, fungua padi ya zamani, weka mpya, rudisha utepe mpaka mstari wake uwe sambamba na mdomo wa kiunganishi. Ukikaa upande hata nusu milimita, padi itafanya kazi na kinundu kitakataa, au kinyume chake.

Kabla ya kufunga skrubu zote, washa mashine ujaribu. Kwenye Windows, draiva ya T440p (programu inayoendesha padi) huendelea kudhani kwamba ukingo wa juu wa padi ni vitufe, hivyo unagusa padi na mashine inabofya. Sakinisha kwa mkono draiva ya T450. Unapoagiza padi, tafuta iliyotengenezwa na Synaptics, kwani za watengenezaji wengine hutoa usumbufu zaidi wa draiva. Kama muuzaji wa vipuri hajui ni ya nani, mwombe picha ya upande wa nyuma. Jina huwa limechapwa hapo.

*Kufunguka.* Hapa haina mpinzani. Mlango ule mmoja wa chini unakufikisha kwenye RAM, diski, Wi-Fi, feni na prosesa. RAM ni nafasi mbili, mpaka GB 16, ila lazima iwe DDR3L ya volti 1.35. Ukichukua ya T430 ambayo ni ya volti 1.5 pekee, mashine haitawaka na utadhani umeiua. Prosesa iko kwenye soketi: unageuza skrubu ya soketi kwa bisibisi bapa, unainua ya zamani, unaweka mpya kwa kufuata alama ya pembe, na unapaka pesti ya joto kiasi cha punje ya mchele. i5-4300M yenye viini viwili inaweza kupisha i7-4702MQ yenye viini vinne. Hapo chaja ya wati 65 haitoshi tena. Tafuta ya 90. Sehemu ya CD inaweza kubeba diski ya pili, lakini pima unene kwanza, kwa sababu visanduku vya milimita 9.5 na 12.7 havibadilishani.

*Umeme.* Betri moja ya nyuma, ya seli 6 au 9. Ile ya seli 9 inafika Wh 100 (wati-saa, kipimo cha chaji) na inachomoza nyuma kama mkia. Prosesa za mashine hii zinakula umeme, kwa hiyo ile ndogo haitakufikisha mchana wote. Chaja ni ya pini ya mstatili, yenye rangi ya njano ndani, ileile ya T450.

*Kioo.* Vilitoka vya aina tatu, mpaka Full HD. Mashine yenye kioo hafifu inabadilishiwa cha IPS, kinachoonekana vizuri hata kwa pembeni, cha pini 30 bila kibao cha kugeuza.

*Programu.* Sawa na T430: Windows 11 hapana, Linux ndiyo.

*Kinachoharibika.* Padi za asili zilizotumika sana hulegea na kugonga kama kifuniko cha sufuria. Kama unapanga kuibadilisha, hilo lisikutishe. Litumie kushusha bei.

Inamfaa mwenye bisibisi na jioni moja ya kazi. Asiyependa kufungua mashine asiinunue kwa ahadi kwamba fundi ataibadilisha baadaye. Sharti padi mpya iwepo mkononi siku ya malipo.

T450 (2015)

*Mikono.* Vitufe vitatu vimerudi, na padi imebaki kubwa. Kwa anayetumia kinundu na padi kwa zamu, hii na T480 ndizo zenye mpangilio wa starehe zaidi. Hakuna cha kurekebisha.

*Kufunguka.* RAM ya DDR3L, nafasi mbili, mpaka GB 16. Diski ya inchi 2.5. Prosesa imechomelewa kwenye bodi, utakufa nayo. Watu wengi huteleza hapa: wanaona i5 ya kizazi cha tano, wanaona T440p yenye i5 ya kizazi cha nne, wanaamua T450 ina nguvu zaidi. Si hivyo. i5-5300U ya T450 ni prosesa ya umeme mdogo, wati 15, na kwenye kazi nzito ya muda mrefu ile i5-4300M ya wati 37 inaitangulia. Faida ya T450 ni utulivu, joto dogo na chaji.

*Umeme.* Betri mbili: ndogo ya ndani, karibu Wh 24, na ya nyuma inayochomoka. Mashine inamaliza ya nyuma kwanza. Maana yake, ya nyuma ikiisha unaichomoa na kuweka nyingine iliyojaa bila kuzima, kazi ikiendelea kwa ile ya ndani. Kwa aliyeko mahali umeme unakatika mchana kutwa, huu ni msaada mkubwa kuliko kiini chochote cha prosesa. Betri ya nyuma ya seli 6, Wh 72, inanyanyua mgongo wa mashine kidogo. Wengine huipenda kwa sababu kibodi inainama kuelekea mikono. Zinaingiliana na za T440 na X250, hivyo hazijapotea sokoni.

Kabla ya kufungua mfuniko wa chini ili kubadilisha ya ndani, ingia BIOS kwa F1, nenda Config, Power, kisha Disable Built-in Battery. Mashine itajizima. Ukiruka hatua hii, bodi ina umeme wakati bisibisi yako inazunguka juu yake.

*Kioo.* 1366 kwa 768 au 1600 kwa 900. Chukua ya pili.

*Programu.* Windows 11 bado hapana.

*Kinachoharibika.* Betri ya ndani ikivimba husukuma sehemu ya viganja kwenda juu. Weka rula juu ya fremu. Ikiyumba kama bembea, usichukue.

Inamfaa mwanafunzi, mwandishi, mhasibu anayezunguka, na yeyote anayetaka vitufe bila kugusa skrubu.

T480 (2018)

*Mikono.* Vitufe vitatu, kibodi isiyozama wala kustarehesha kama ya T430 kwa hisia za wazee wa kazi, lakini bado bora kuliko za mipakato mingi mipya. Ctrl na Fn ziko mahali pa jadi, na BIOS inakuruhusu kuzibadilishana.

*Kufunguka.* RAM ni DDR4, nafasi mbili, rasmi mpaka GB 32. Prosesa imechomelewa, ila i5-8250U au i5-8350U zina viini vinne. SSD ya kasi ya NVMe inakaa kwa kiegemeo mahali pa diski ya inchi 2.5; njia yake imepunguzwa nusu, hivyo usilipie SSD ya kasi ya juu kabisa, hutaiona tofauti. Iliyofuata mwaka 2019, T490, ilichomelea sehemu ya RAM na kuondoa betri ya nyuma. Ndiyo maana T480 inagombewa.

*Umeme.* Betri mbili kama T450, na ya nyuma inafika Wh 72. Chaja ni USB-C, kwa hiyo ya wati 65 ya simu kubwa au ya jirani inaweza kukuokoa mradi inatoa volti 20.

*Kioo.* Full HD ya IPS ndiyo ya kutafuta. Zile za 1366 bado zinazunguka sokoni, na kwa macho ya kawaida mashine mbili zilizozimwa zinafanana. Washa.

*Programu.* Kati ya hizi nne ndiyo pekee iliyo kwenye orodha ya Windows 11, ikiwa na prosesa ya kizazi cha nane.

*Kinachoharibika.* Matundu ya USB-C. Yamechomelewa kwenye bodi kuu, na kila mara mtu anapojikwaa kwenye waya wa chaja tundu hulegea. Kuna na ugonjwa wa pili usioonekana: programu dhibiti ya awali ya chipu ya Thunderbolt ina kasoro inayoweza kulifisha tundu pole pole, mpaka lisichaji. Lenovo ilitoa sasisho. Liweke siku ya kwanza, Windows ikiwa bado ipo, kabla hujahamia Linux. Unapoikagua sokoni, chaji kwa tundu la kwanza, kisha la pili. Yote mawili yakubali.

Inamfaa anayelazimika kutumia Windows 11 kazini, na anayetaka mashine ya miaka kadhaa ijayo bila kuacha kinundu.

Angalia herufi ya mwisho

T440, T440s na T440p si mashine moja. Mbili za kwanza hazina soketi ya prosesa. T440s na T450s zina GB 4 zilizochomelewa na nafasi moja tu ya kuongeza. T480s haina betri ya nyuma. Muuzaji akikuambia "ni ileile ila nyembamba", igeuze usome stika ya chini.

Kabla ya kutoa pesa, kwa yoyote kati ya hizi

Bonyeza F1 mashine inapowaka. Ikidai nenosiri la msimamizi, iache. Kwenye ThinkPad nenosiri hilo limeandikwa kwenye chipu, halifutiki kwa kutoa betri ya saa, na fundi anayesema "nitalitoa kesho" anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Ndani ya BIOS, sehemu ya Security, tazama Computrace, mfumo wa kufuatilia na kufunga kompyuta kutoka mbali. Kama imewashwa, ofisi ya zamani inaweza kuwa bado ina mamlaka juu ya mashine.

Kwenye Windows, fungua dirisha la amri, andika `powercfg /batteryreport`, kisha linganisha uwezo wa awali wa betri na uliobaki. Chini ya nusu, hesabu bei ya betri mpya ndani ya bei ya mashine.

Angalia mpangilio wa kibodi. Za Uingereza zina @ karibu na Enter, na Shift pamoja na 2 inatoa alama ya nukuu. Za Ujerumani zimebadilisha Y na Z. Za Ufaransa, AZERTY, huko Bukavu au Bujumbura ni neema, lakini Mombasa zitakutesa. Kwenye T430 kibodi inabadilishwa kirahisi. Kwenye nyingine kazi ni ndefu zaidi.

Mwisho, kinundu chenyewe. Kisukume pande zote kisha uachie. Kishale kikitambaa chenyewe sekunde chache na kutulia, ni kawaida, kinajipima upya. Kisipotulia, kibodi nzima inabadilishwa, maana kihisi kiko ndani yake. Kofia nyekundu iliyolainika na kuteleza ni kitu kidogo, mpya zipo. Ila kimo kinatofautiana, na kofia ndefu ya T430 kwenye mashine nyembamba itaacha alama kwenye kioo ukifunga.

Kwa hali yako

Kazi yako ni kuandika, meza ni moja na umeme upo: T430, kwa Linux, na pesa iliyobaki iende kwenye SSD.

Unahesabu data, unakusanya programu, au unahariri picha kwa bajeti ndogo, na unajua kushika bisibisi: T440p yenye viini vinne na padi ya T450. Kama padi haipatikani mjini kwako, ruka.

Umeme unakatika, au siku nzima uko darasani na kwenye daladala: T450 na betri mbili za nyuma. Kama bajeti inaruhusu, T480 kwa mtindo huohuo.

Mfumo wa ofisi unadai Windows 11: T480, hakuna ya pili hapa.

Unatumia padi tu na kinundu hukijui: malalamiko ya 2013 hayakuhusu. T440p yenye padi ya asili isiyolegea itakutosha, na kwa kuwa wenye kinundu wanaikwepa, una nafasi ya kubishana bei.

Unatafuta safu saba za T420 na chini ya hapo hutulii: Lenovo iliirudisha kibodi ya aina hiyo mwaka 2017 kwenye toleo la kuadhimisha miaka 25 ya ThinkPad, lililojengwa juu ya T470. Ni adimu na wenye nalo hawaliachii. T420 yenyewe, ya mwaka 2011, bado inapatikana. Haina USB 3.0 ya asili, lakini mikono yako itaijua gizani.